Taarifa Isiyopokea Jibu ni Amri

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kutoa salamu ni sunna, na kuitikia ni faradhi. Anayesalimu amefanya wema. Aliyesalimiwa akanyamaza amebeba deni. Na jibu la salamu halitafutiwi njia nyingine: humrudia aliyesalimu, hapo hapo, kwa njia ile ile aliyoijia. Katika nyanda za juu za Kigoma, kwa ndugu zetu Waha wa Kasulu na Kibondo, adabu hiyo ina umbo lake: mtu humsalimu mwenziwe kwa kupiga makofi taratibu, naye huitikiwa kwa makofi. Kofi la mkono mmoja halilii.

Tumeyatanguliza haya kwa sababu katika ofisi za umma, Bara na Visiwani, zimeenea salamu za namna mpya zisizotaka kuitikiwa. Mtumishi hufungua sanduku lake la barua pepe asubuhi akakuta taarifa: programu ya kompyuta anayoitumia kila siku imebadilishwa, fomu imeongezwa swali, kasoro iliyolalamikiwa mwezi uliopita imefungwa kwa kuwa imekwisha rekebishwa. Naye anajua, kwa kuwa ndiye anayeshinda nayo kutwa, kwamba kasoro ile ingalipo, na kwamba lile swali jipya halijibiki katika zahanati yake. Anataka kusema. Lakini chini ya taarifa pameandikwa: tafadhali usijibu barua hii.

Maoni yetu ni kwamba hilo ni kosa la uongozi kabla ya kuwa kosa la ufundi. Taarifa inayomfikia mtu na wakati huo huo kumfungia njia ya kujibu imekwisha kuwa amri. Dawa yake ipo, wala si ghali. Imejaribiwa duniani kwa miaka mingi, na kwa sura nyingine imejaribiwa hapa hapa mkoani Kigoma.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe, maana wako viongozi wengi wanaotia saini mikataba ya mifumo ya kompyuta bila kuonyeshwa jinsi mifumo hiyo inavyoishi baada ya kuzinduliwa. Programu ya kompyuta haimaliziki kama nyumba inavyomalizika kwa kuezekwa. Ni kama shamba, ambalo hupaliliwa kila msimu. Kila kasoro inayoonekana na kila badiliko linaloombwa hufunguliwa jalada lake na kupewa namba, kisha mafundi hujadiliana ndani yake kwa maandishi: kitu gani kimeharibika, kirekebishwe vipi, nani atakifanya, na kimejaribiwa wapi. Kila aliyehusishwa na jalada hilo hupelekewa barua pepe linapoandikwa neno jipya. Hiyo ndiyo taarifa tunayoizungumzia.

Katika miradi iliyopangwa vizuri, aliyeipata barua hiyo hubonyeza pale pa kujibu, akaandika maoni yake na kuyatuma kama anavyomjibu rafiki. Katika kichwa cha barua ile mfumo ulikwisha weka anwani maalumu ya kujibia. Anwani hiyo ni ya jalada lenyewe, nayo ina alama ya siri ya kulitambulisha jalada lile na mtu yule anayejibu. Seva huipokea barua, huitazama alama, hukata maneno ya zamani yaliyonukuliwa chini, na kuyabandika maneno mapya ndani ya jalada kwa jina la mwandishi, saa na tarehe. Wote wanaolifuatilia jalada nao hupata taarifa, nao waweza kujibu vivyo hivyo. Mtu wa kwanza hakulazimika kukumbuka nywila, wala kufungua ukurasa mzito, wala kujua jalada limehifadhiwa wapi.

Utaratibu huu si wa jana. Kanuni za muundo wa barua za kompyuta zilizochapishwa Marekani mwaka 1982 zilikuwa na nafasi ya anwani ya kujibia, na nafasi ya kutaja ni barua ipi inayojibiwa. Mradi wa Debian, ulioanza mwaka 1993, tangu miaka ile ya 1990 huipa kila kasoro namba, na kila namba hupewa anwani yake ya barua pepe. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, leo huendesha seva nyingi za dunia na, kwa kupitia Android, simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu; nayo imejengwa na maelfu ya watu waliokuwa wakijibizana barua. GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na ambako miradi mingi ya programu huria imehifadhiwa, humruhusu mtu kuijibu taarifa kwa barua, na jibu lake likawa maoni ndani ya jalada. Wakubwa wa kazi hii hawakuiona barua kuwa chombo cha kizamani. Waliona kwamba ndicho chombo ambacho karibu kila mtu anacho.

Msomaji wa Unguja au wa Pemba atauliza: Kibondo na Kasulu zatuhusu nini sisi? Zatuhusu, kwa sababu mtu wa milimani na mtu wa kisiwani wote wawili wako mwisho wa waya. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Kasulu na Kibondo ziko juu, mbali na reli. Kabla gridi ya taifa haijaufikia mkoa ule mwaka 2022, miji yake ilitegemea mitambo ya dizeli. Nasi wa Visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya hali hiyo. Aliyekaa gizani Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati umeme uliokuwa ukitoka Bara kwa waya wa baharini ulipokatika, anajua kwamba mwenye kukaa mwisho wa waya hupata habari wa mwisho, na akipata matatizo husikiwa wa mwisho.

Sasa tumchukue, kwa mfano tu, karani wa takwimu katika kituo cha afya cha wilaya mojawapo kati ya hizo mbili. Wilaya hizo zimewapokea wakimbizi kwa vizazi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo; kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa watu waliotoka Burundi. Tuseme mfumo wa kuandikisha wagonjwa umeongezwa sharti kwamba kila mgonjwa lazima atajwe kijiji, na orodha ya vijiji imetoka makao makuu ikiwa imefungwa. Mbele ya karani yumo mama ambaye makao yake hayamo katika orodha. Karani atafanya nini? Ataandika kijiji cha jirani ili fomu ikubali kupita. Mwisho wa mwezi, kijiji kile kitaonekana kina malaria maradufu, na dawa itapangwa kwa hesabu ya uongo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mfumo ulimwekea karani sharti lisilowezekana, kisha ukamnyima pa kulisema.

Kama taarifa ya badiliko lile ingalimfikia kwa barua inayopokea jibu, mistari mitatu ingalitosha: hapa kwetu orodha haitoshi, sababu ni hii, twaomba nafasi ya kuandika makao yasiyo kijiji. Fundi aliyeko Dodoma au Dar es Salaam angaliisoma siku ile ile, na karani mwingine aliyeko Mkoani au Micheweni angaliongeza kwamba naye ana shida inayofanana na hiyo.

Iko sababu nyingine inayoifanya barua iwafae watu wa pembeni. Ukurasa wa mtandao hutaka laini iwe hai tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Ikikatika katikati, maandishi hupotea na mtu huanza upya, mpaka akachoka. Barua huandikwa hata laini ikiwa imekufa. Hungoja katika sanduku la kutokea, na laini ikifufuka usiku huondoka yenyewe. Huo ndio mwendo wa jahazi, ambalo hungoja pepo bila mzigo wake kupotea. Barua ya maneno matupu, isiyo na picha wala mapambo, ni nyepesi kiasi kwamba hata mtandao dhaifu wa kilimani huweza kuibeba.

Wako watakaosema kwamba haya ni mawazo mazuri ya kalamuni, na kwamba watumishi wetu wa chini hawana mazoea ya kujibu. Tunawarudisha Kigoma wakatazame. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Wizara ya Afya ya Bara, pamoja na ushirika wa kimataifa wa kupambana na malaria na makampuni ya Novartis, Vodafone na IBM, iliendesha jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, ambayo ni jirani ya Kasulu. Vituo vya afya 129 viliingizwa katika jaribio hilo. Kila wiki mfumo ulipeleka ujumbe mfupi kwenye simu ya mhudumu wa kituo, ukimwuliza hesabu ya dawa mseto ya malaria na ya kwinini ya sindano iliyobaki ghalani. Mhudumu aliujibu ujumbe ule ule, kwa namba isiyomtoza hata senti, na aliyejibu kwa wakati alitiliwa salio katika simu yake. Aliyechelewa alikumbushwa. Majibu yalikusanywa mahali pamoja ambapo uongozi wa afya wa wilaya uliweza kuyaona.

Jaribio lilikwenda kwa wiki 21. Kwa wastani, vituo 95 katika kila 100 vilijibu. Katika wiki ya kwanza, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa zile vilikuwa asilimia 78. Katika wiki ya mwisho vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini ukosefu ulitoka asilimia 57 ukafika sifuri. Kigoma Vijijini ulitoka asilimia 93 ukafika asilimia 47. Baadaye mpango ulipanuliwa ukaenea mikoa ya Bara.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba mhudumu wa zahanati ya mbali hujibu, tena hujibu kwa wakati, anapoulizwa jambo analolijua, kwa chombo alichonacho mkononi, na kwa njia ile ile iliyoleta swali. Hakutakiwa kusafiri, wala kujaza fomu ya nakala tatu, wala kuingia mahali penye nywila. La pili linatuuma zaidi, nalo limo katika ile asilimia 47 ya Kigoma. Jibu lilifika, lakini jibu peke yake haliipakii dawa garini. Palipokuwa na mtu wa kulitenda, rafu zilijaa. Palipokosekana, au palipokuwa mbali kupita kiasi, rafu zilibaki tupu ingawa hesabu yake ilijulikana. Kwa hiyo tunapodai njia ya kujibu, tunadai pia mtu wa kusoma na kutenda upande wa pili. Makofi ni ya mikono miwili.

Tukirudi kwetu Visiwani, hatuko nyuma katika jambo hili, na huenda ndiyo sababu tunapaswa kulisemea kwa sauti zaidi. Mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na shirika la D-tree, ulikwisha zifikia wilaya zote 11 za Unguja na Pemba mwaka 2021. Wahudumu wa afya wa kujitolea huingia nyumba kwa nyumba wakiwa na simu, na programu iliyomo katika simu hizo imejengwa juu ya programu huria ambayo majalada yake na mijadala ya mafundi wake iko wazi kwa dunia nzima kusoma na kuchangia. Vile vile mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Bara na Visiwani huutumia, ni programu huria yenye mijadala ya wazi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake walioshiriki kuukuza.

Maana yake ni kwamba mlango uko wazi. Swali letu ni nani apitaye. Mlango huo hupitwa zaidi na mafundi wa miji mikubwa na wafadhili wa nje. Yule mama wa shehia anayeibeba simu juani, anayejua ni swali gani humwaibisha mzazi mbele ya mama mkwe, na ni kitufe gani hugoma jua linapokuwa kali, hayumo katika jalada. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mafundi wa kompyuta nao, kwa bahati ya kupendeza, katika lugha yao huiita kasoro ya programu kwa jina la mdudu. Kunguni wanajulikana na anayelala. Kumjulisha kwamba kitanda kimetiwa dawa, kisha kumkataza kujibu kama bado anaumwa, ni kujinyima ushahidi wa pekee wenye thamani.

Historia ya nchi yetu inatufunza vivyo hivyo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya ubwana na kiburi, na ukasisitiza kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Mwaka uliofuata, 1972, yalikuja Madaraka Mikoani, na mwaka huo huo Kigoma ilikuwa na operesheni yake ya vijiji, ambapo watu wengi wa mkoa ule walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa njema: maji, shule na zahanati visogee karibu na watu. Lakini katika nchi nzima ilidhihirika kwamba pale amri ilipotangulia mashauriano, makosa ya mahali pa kujenga, ya maji na ya mashamba yalionekana baada ya watu kwisha hamishwa. Mkulima aliyelijua bonde lake angaliweza kusema mapema, lakini hakuulizwa. Au aliulizwa na jibu lake likaishia kwa mjumbe.

Mifumo ya kompyuta ndiyo operesheni ya siku hizi. Nayo huwahamisha watu kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine, kwa siku moja, nchi nzima. Tofauti ni kwamba nyumba iliyojengwa mahali pabaya huonekana na kila mpita njia, ilhali swali lililowekwa mahali pabaya katika fomu ya kompyuta halionwi ila na yule anayelijaza. Kwa hiyo haja ya kumsikia ni kubwa zaidi sasa kuliko wakati ule.

Tunazijua hoja za wanaopinga, na yafaa zijibiwe kwa heshima. Husemwa kwamba barua zitakuwa nyingi na mafundi watazama. Tunajibu kwamba barua zinazoingia katika jalada lenye namba hazizamishi mtu. Kinachozamisha ni malalamiko ya mdomo yanayorudiwa na watu 100 kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mwenziwe amekwisha kuyasema. Husemwa pia kwamba Serikali imekwisha fungua milango ya maoni, ukiwamo mfumo wa e-Mrejesho ambao mwananchi huufikia hata kwa simu ndogo. Ni kweli, na tunaupongeza. Lakini mlango mkuu wa mji haufuti haja ya mlango wa nyumba. Anayejulishwa jambo maalumu ajibu kuhusu jambo lile, ndani ya jalada lile, mbele ya watu wale wale wanaolishughulikia.

Husemwa tena kwamba mijadala ya mafundi ni ya Kiingereza, na karani wetu ataona haya. Hapa tunasema bila kuficha: haya hiyo haikuzaliwa naye, amevishwa. Aandike Kiswahili. Katika kila mradi unaotumika nchini awepo mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kuyabeba maneno hayo kwenda upande wa pili na kuleta jibu. Mradi unaoweza kumlipa fundi aandike programu hauwezi kushindwa kumlipa mtu wa kumsikia anayeitumia.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo ni ya usiri na usalama. Hatutaki kuipuuza. Barua ya kujibu taarifa hupotosha macho: huonekana kama barua ya mtu mmoja kwa mwenziwe, kumbe inakwenda kubandikwa ukutani. Kama mradi ni wa wazi, dunia nzima yaweza kuisoma. Kwa hiyo anayejibu asitaje kamwe jina la mgonjwa, wala namba ya kadi, wala habari za nyumba ya mtu. Afya ya watu ni amana, na Bara iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Afute saini ndefu yenye namba ya simu yake, maana nayo yaweza kubandikwa pamoja na maoni. Afute na maneno ya zamani yaliyonukuliwa chini, kwa kuwa mfumo haukati sawasawa kila mara. Asimpelekee mtu mwingine barua ile kama ilivyo, kwani ile anwani yenye alama ya siri ni kama ufunguo, na katika baadhi ya mifumo anayeushika huweza kusema kwa jina la mwenyewe. Akienda likizo, asiache kompyuta ikijijibia yenyewe, isije ikajaza jalada maneno ya bure. Akiambatisha picha, ahakikishe imefika, kwa sababu mifumo mingine huiacha njiani. Na akumbuke kwamba neno likiisha kutumwa, nakala zake ziko katika masanduku ya watu wengi. Hata likifutwa katika jalada, masandukuni halifutiki.

Adabu hizi hujifunzwa kwa siku moja. Hazina ugumu kuliko adabu za kuandika dokezo katika jalada la masjala, ambazo makarani wetu wamezijua tangu zamani: jambo moja kwa dokezo moja, hoja itangulie maelezo, tarehe na mahali vitajwe, na maneno yawe ya kusomwa na asiyekujua. Mtumishi aliyelelewa katika masjala nzuri ataandika maoni mazuri katika mradi wowote duniani.

Basi tunatoa wito kwa wenye mamlaka. Sheria ya Serikali Mtandao imekuwapo Bara tangu mwaka 2019, na Zanzibar nayo ina chombo chake cha serikali mtandao. Vyombo hivi ndivyo vinavyoweka viwango vya mifumo ya umma. Tunaomba viwango hivyo viongezwe mambo manne. Kwanza, mfumo wowote wa umma usipeleke taarifa ya mabadiliko kwa watumishi wake kutoka anwani isiyopokea jibu. Pili, jibu liingie katika jalada la jambo husika na kupewa namba, na mwenye kujibu ajulishwe namba hiyo. Tatu, awepo mtu anayetajwa kwa cheo ambaye lazima aitikie katika siku zilizowekwa, hata kama itikio ni kusema haiwezekani na kwa sababu gani. Nne, jalada lisifungwe kwamba kasoro imekwisha mpaka aliyeileta aulizwe, naye aseme imekwisha.

Kwa viongozi wa wilaya na mikoa, wakiwamo wa Kasulu na Kibondo, na kwa masheha na maofisa wetu wa Unguja na Pemba, tunaongeza neno moja. Msimwadhibu mtumishi kwa sababu ameandika hadharani kwamba fomu ina kasoro. Aliyefanya hivyo hakuiaibisha wilaya, ameifanyia kazi. Kinachoiaibisha wilaya ni takwimu safi zilizojazwa kwa vijiji visivyo vya kweli.

Na kwa watumishi wenyewe, hasa wale walio mwisho wa waya, tunasema: ikija taarifa inayopokea jibu, jibuni. Msingoje semina wala posho, na msiseme kwamba mafundi wanajua zaidi. Wao wanaijua programu, ninyi mnaijua kazi. Njia ikifunguliwa na watu wasipite, haitapita miaka mingi kabla nyasi hazijaifunika, na wenye kupenda kuamuru watasema tuliwaambia.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na watu hutoka majumbani wakakusanyika, wakasikia, wakauliza. Mgambo anayepuliza mbiu kisha akawakataza watu kutoka majumbani hana haja na watu. Ana haja ya kusema kwamba alipuliza. Serikali yetu isiwe na mbiu ya namna hiyo katika kompyuta zake. Imetusalimu, nasi tunataka kuitikia. Iache mlango wazi ili kuitikia kwetu kuifikie.